NYOTA WALIOTAWANYIKA WAKUTANA CHINI YA BENDERA YA JUBA

Juba, makao makuu ya Sudan Kusini, imekaa kando ya mto Naili Mweupe. Ni mji wa vumbi jingi wakati wa kiangazi na matope mengi wakati wa mvua, na ndani yake wamo watu wa kila kabila la nchi hiyo pamoja na wafanyabiashara wengi wa Uganda na Kenya, kiasi kwamba mgeni ajuaye Kiswahili hapotei sokoni. Vijana wake wanaupenda mpira wa kikapu kwa moyo wote. Huucheza katika viwanja vya wazi, na kinachojulikana zaidi ni kile cha Nimra Talata. Jua likiwaka, saruji huwa kama kikaango. Mvua ikinyesha, mchezo huvunjika na kila mtu hukimbilia mahali pa kujikinga. Mpaka timu ya taifa ilipokwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, nchi nzima haikuwa na ukumbi hata mmoja wenye paa uliofaa kwa mchezo huo.

Sasa tutazame yaliyotokea London tarehe 20 Julai mwaka huohuo. Katika ukumbi mkubwa wa O2, timu hiyo isiyokuwa na ukumbi kwao ilikutana na timu ya Marekani katika mchezo wa kirafiki, siku chache kabla ya Olimpiki. Wamarekani walikuwa wamekusanya vinara wao: LeBron James, Stephen Curry, Anthony Davis na wengine ambao mishahara yao ya mwaka mmoja ingetosha kujenga kumbi kadhaa pale Juba. Wabashiri wa michezo walikwisha sema kwamba Sudan Kusini ingefungwa kwa tofauti ya pointi zaidi ya 40. Lakini kipindi cha kwanza kilipomalizika, ubao wa matokeo ulionyesha Sudan Kusini 58, Marekani 42. Ukumbi ukawa na minong'ono. Zikiwa zimebaki sekunde kama 20, Sudan Kusini bado ilikuwa mbele kwa pointi 100 dhidi ya 99. Ikambidi LeBron James mwenyewe auchukue mpira, apenye katikati ya walinzi na kuutia kikapuni zikiwa zimesalia sekunde 8. Marekani ikashinda 101 kwa 100.

Asiyefuata mchezo huu bila shaka atauliza: vijana hawa walitoka wapi? Jibu ni kwamba walitoka karibu kila pembe ya dunia, na wachache mno kati yao walikulia Juba. Kutawanyika kwao kulitokana na vita, na kukusanyika kwao kulitokana na juhudi za mtu mmoja na hiari ya wengi.

MAFAHALI KATIKA ZIZI MOJA

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika mpira wa kikapu wa Marekani methali hiyo imejaribiwa mara kwa mara. Mwaka 2007 klabu ya Boston Celtics, iliyokuwa na Paul Pierce, iliwaongeza Kevin Garnett na Ray Allen, na mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa. Mwaka 2010 LeBron James aliihama Cleveland akaenda Miami Heat kuungana na Dwyane Wade na Chris Bosh. Mafahali hao watatu walishindwa na Dallas katika fainali ya mwaka 2011, kisha wakazoeana na kuchukua ubingwa wa 2012 na wa 2013. Mwaka 2016 Kevin Durant naye alijiunga na Golden State Warriors, timu iliyokuwa imeshinda michezo 73 katika msimu mmoja hata kabla yeye hajafika. Makombe ya 2017 na 2018 yakaenda huko.

Mabishano juu ya mtindo huo hayajaisha hadi leo. Wapo wasemao kwamba ni haki ya kila mfanyakazi kuchagua mahali pa kazi na wenzake wa kufanya nao kazi. Wapo pia wasemao kwamba ni sawa na wakulima watatu wenye matrekta kuungana ili wamshinde jirani mwenye jembe la mkono. Mimi naona kila upande una ukweli wake, ingawa moyo wangu unaelemea kwa yule mwenye jembe.

Miongoni mwa waliolionja shubiri la timu hizo za nyota watupu ni Luol Deng, mzaliwa wa Wau, Sudan Kusini. Katika msimu wa 2010–11 yeye na wenzake wa Chicago Bulls walishinda michezo 62, wingi uliozidi wa timu yoyote nyingine msimu ule. Walipokutana na Miami Heat katika fainali ya kanda ya mashariki, walitolewa kwa michezo minne kwa mmoja. Miaka miwili baadaye alipata nafasi ya kulipa deni kidogo. Miami ilikuwa imeshinda michezo 27 mfululizo ilipoingia Chicago mwezi Machi 2013. Mfululizo huo ukakatika usiku ule, na aliyefunga pointi nyingi kwa upande wa Chicago alikuwa Deng, pointi 28. Hata hivyo ubingwa wa NBA hakuupata kamwe mpaka alipostaafu mwaka 2019.

Huyu ndiye mtu aliyekuja kuwakusanya mafahali wa Sudan Kusini.

ALIYETANGULIA KUTOKA TURALEI

Lakini kabla ya Deng alikuwapo Manute Bol, na si haki kumruka. Bol alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kidinka wa upande wa Turalei. Urefu wake ulikuwa mita 2.31. Mwaka 1985 alichaguliwa na klabu ya Washington Bullets, na katika msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397 ya wapinzani, jambo lililowashangaza Wamarekani wenyewe. Yasemwa, na hesabu zinathibitisha, kwamba katika maisha yake yote ya NBA alizuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga.

Watu wengi walimcheka kwa umbo lake, na magazeti ya kule yalimfanya kioja. Wachache walijua fedha zake zilikwenda wapi. Alizitumia kwa ajili ya watu wake waliokuwa wakiteseka katika vita vilivyoanza mwaka 1983 baina ya serikali ya Khartoum na wapiganaji wa kusini. Zilipomwishia, alikubali mambo ambayo mtu wa heshima zake asingeyafikiria: mwaka 2002 alipanda ulingoni mbele ya kamera za televisheni kupigana ngumi na mchezaji mstaafu wa mpira wa Kimarekani, ili apate fedha za kusaidia watoto wa Sudan. Alifariki tarehe 19 Juni 2010. Bendera ya Sudan Kusini huru ilipandishwa Juba tarehe 9 Julai 2011. Mwaka mmoja tu na siku chache zilimnyima kuiona.

Jambo moja lakini alikwisha lifanya. Familia ya Deng ilipokimbilia Misri, Luol akiwa bado mtoto mdogo, Bol ndiye aliyewafundisha mpira wa kikapu ndugu za Luol huko, na mdogo akajifunza kwa kuwatazama wakubwa. Kutoka Misri familia hiyo ilipata hifadhi Uingereza. Kijana akaenda Marekani kusoma akiwa na miaka 14, akacheza mwaka mmoja katika chuo kikuu cha Duke, na mwaka 2004 akachaguliwa wa saba katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Alichezea timu ya taifa ya Uingereza katika Olimpiki ya London mwaka 2012, kwa kuwa nchi hiyo ndiyo iliyompa hifadhi na pasi ya kusafiria. Kwa kanuni za mchezo huu, aliyekwisha kuvaa jezi ya nchi moja katika mashindano makubwa hawezi kuvaa ya nchi nyingine apendavyo. Kwa hiyo nchi yake ilipopata uhuru, yeye aliyekuwa nyota wake mkubwa kuliko wote hakuweza kuichezea hata dakika moja.

RAIS WA SHIRIKISHO, MFADHILI, HATA KOCHA

Mwezi Novemba 2019 Deng alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Sudan Kusini. Cheo kilikuwa kikubwa lakini hazina haikuwa na kitu. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka Juba mwezi Desemba 2013 na kuendelea mpaka mapatano ya mwaka 2018. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamepoteza maisha na mamilioni wameyahama makwao. Serikali yenye majukumu ya namna hiyo haina fungu la kununulia tiketi za ndege za wachezaji wa mpira wa kikapu. Deng alitia mkono mfukoni mwake. Safari, hoteli, mavazi na kambi za mazoezi, mengi ya hayo aliyagharamia kwa akiba aliyoipata katika kazi yake ya uchezaji.

Kisha akaanza kuwatafuta vijana. Hapa ndipo ilipoonekana faida chungu ya ukimbizi. Watoto waliochukuliwa na wazazi wao kwenda Kakuma, Nairobi, Cairo na Addis Ababa miaka ya 1980 na 1990, na wale waliozaliwa njiani, walikuwa wamekulia Marekani, Kanada na Australia, wakafundishwa mchezo na makocha wazuri katika kumbi za sakafu ya mbao. Kila mmoja alikuwa na klabu yake na nchi iliyomlea. Baadhi yao hawakuwa wamekanyaga ardhi ya Sudan Kusini tangu walipoondoka, na wengine hawakuwahi kuiona kabisa. Deng aliwapigia simu mmoja mmoja. Hakuwa na fedha nyingi za kuwaahidi, bali jina la nchi na jezi tu.

Tuwataje baadhi yao. Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum mwaka 1997, akachukuliwa Misri akiwa mchanga, akakulia katika jimbo la New Hampshire huko Marekani na kufika mpaka Los Angeles Lakers. Nuni Omot alizaliwa Kenya kwa wazazi wakimbizi, akakulia Minnesota. Mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa ligi ya Afrika alipoipa ubingwa Al Ahly ya Misri. Marial Shayok ni mtoto wa Ottawa, Kanada. JT Thor alitoka Charlotte Hornets. Bul Kuol, Sunday Dech, Majok Deng na Kuany Kuany walitoka Australia, ambako jamii ya Wasudani Kusini imekuwa kubwa na mpira wa kikapu umekuwa mchezo wao wa Jumamosi. Ukiwaweka wote chumba kimoja, utasikia Kiingereza cha lafudhi tatu na lugha za mama zaidi ya moja.

Na yupo Carlik Jones, ambaye watu wengi huuliza habari zake. Huyu ni Mmarekani mweusi wa Cincinnati asiye na asili ya Sudan Kusini. Alipewa uraia, kwa kuwa kanuni za shirikisho la dunia huruhusu kila timu kuwa na mchezaji mmoja aliyepata uraia kwa njia hiyo. Katika msimu wa 2022–23 alikuwa mchezaji bora wa ligi inayoilea NBA, lakini milango ya NBA yenyewe ilimfungukia kidogo tu. Wapo walionung'unika kwamba timu ya taifa haifai kuongozwa na mgeni. Manung'uniko hayo yamepungua tangu walipomwona akiupeleka mpira mbele kwa utulivu wa mtu anayemwaga maji kwenye mtungi. Timu yenye warefu wengi huhitaji mtu wa kuipa mwendo, na kijana huyu si mrefu hata kidogo kwa kipimo cha wenzake.

Kocha mkuu alikuwa Royal Ivey, Mmarekani aliyewahi kucheza NBA na kuwa kocha msaidizi huko. Yeye naye alikuja kwa ajili ya urafiki wake na Deng, si kwa mshahara.

NJIA KUTOKA KIGALI

Safari haikuanza kwa shangwe. Mwezi Januari 2020 huko Nairobi, Sudan Kusini ilishindwa na Kenya katika mashindano ya awali ya kuwania Kombe la Afrika, na hesabu ikaonekana kufungwa. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, nchi nyingine ikajitoa, na Sudan Kusini ikaitwa kuziba pengo hilo Kigali mwezi Novemba. Mwezi Februari 2021, katika duru iliyofanyika Monastir, Tunisia, Deng mwenyewe ndiye aliyesimama kando ya uwanja kama kocha. Wakafuzu. Katika fainali za Afrika zilizofanyika Kigali mwaka huohuo walifika robo fainali wakatolewa na Tunisia, ambao ndio waliotwaa kombe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Katika michezo 12 ya kuwania Kombe la Dunia la 2023 walishinda 11, wakawa nchi ya kwanza ya Afrika kufuzu. Huko Manila, Ufilipino, walianza kwa kufungwa na Puerto Rico 101 kwa 96 baada ya muda wa nyongeza. Mtu angeweza kudhani kwamba kikosi cha namna hiyo, kilichokusanywa kutoka mabara manne, kingeanza kulaumiana. Siku mbili baadaye waliifunga China 89 kwa 69. Serbia iliwashinda kwa tofauti kubwa, ikawabidi wacheze kuwania nafasi za chini. Wakawafunga wenyeji Ufilipino, na tarehe 2 Septemba 2023 wakaifunga Angola 101 kwa 78. Ushindi huo uliwafanya kuwa timu ya Afrika iliyomaliza juu ya zote, na nafasi pekee ya moja kwa moja ya Afrika katika Olimpiki ikawa yao. Waliporudi Juba, umati ulijaa njiani kutoka uwanja wa ndege.

Siku ile, katika mji ambao miaka saba tu nyuma, mwezi Julai 2016, watu walijificha uvunguni mwa vitanda wakisikiliza mizinga, vijana wa makabila yaliyopigana walitembea barabara moja wakipeperusha bendera moja. Sitaki kutia chumvi. Mpira haukuleta amani Sudan Kusini, na mwaka 2025 hali ya siasa huko iliharibika tena hata makamu wa kwanza wa rais akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Ila ni vigumu kutaja jambo jingine lililowatoa watu wa Juba majumbani kwao kwa furaha ya pamoja tangu ile siku ya uhuru.

WIMBO WA NCHI NYINGINE

Michezo yao ya Olimpiki ilichezwa Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Tarehe 28 Julai 2024 walijipanga kuimbiwa wimbo wa taifa kabla ya kucheza na Puerto Rico, ile timu iliyowafunga Manila. Wimbo uliopigwa ulikuwa wa Sudan, yaani wa Khartoum: nchi ile ambayo baba na mama zao waliikimbia, na ambayo wapiga kura wa kusini walijitenga nayo kwa zaidi ya asilimia 98 katika kura ya maoni ya Januari 2011. Vijana walisimama wima, mikono vifuani, nyuso zimekunjamana. Watazamaji walianza kuzomea kosa hilo. Muziki ukakatwa, kimya kikapita, na baada ya dakika chache wimbo wao wenyewe ukapigwa huku ukumbi mzima ukishangilia.

Msomaji anaweza kuwaza jinsi ambavyo jambo la namna hiyo humvunja mtu moyo. Wao waliingia uwanjani wakashinda 90 kwa 79. Carlik Jones alifunga pointi 19. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Sudan Kusini katika mchezo wowote wa timu kwenye Olimpiki, nchi ikiwa na umri wa miaka 13. Kocha Ivey aliwakumbusha waandishi baada ya mchezo kwamba vijana hao hawana hata ukumbi wa kufanyia mazoezi kwao.

Siku tatu baadaye walikutana tena na Marekani. Safari hii Wamarekani hawakuja kwa dharau. Walishinda 103 kwa 86, ingawa Nuni Omot peke yake alifunga pointi 24. Mchezo wa mwisho waliukosa kwa Serbia, 96 kwa 85, na ndoto ya robo fainali ikaishia hapo. Timu ile ya LeBron, Curry na Durant iliendelea mpaka ikavaa dhahabu baada ya kuifunga Ufaransa 98 kwa 87 tarehe 10 Agosti.

KIKOMBE BADO HAKIJAPATIKANA

Hapa inafaa kusema wazi, maana sifa zimekuwa nyingi. Wanaokusanyika kuwinda ubingwa hupimwa kwa ubingwa. Sudan Kusini haijawahi kutwaa Kombe la Afrika la wanaume. Mwezi Agosti 2025 mashindano hayo yalipofanyika Angola, wengi waliwataja miongoni mwa wanaotarajiwa kushinda. Kombe likabaki Luanda kwa wenyeji, na Sudan Kusini ikarudi bila medali. Katika mwezi huohuo, huko Abidjan, akina dada wa Sudan Kusini waliokuwa wakishiriki Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza waliifunga Senegal wakapata medali ya shaba. Kwa hiyo medali ya bara katika nyumba hiyo imeletwa na mabinti, na ingefaa wanaume walitafakari jambo hilo.

Sababu za upungufu wa kaka zao si za siri. Kikosi kilichotawanyika duniani hukutana kwa wiki chache tu kwa mwaka. Klabu za kigeni zina ratiba zake, na mara nyingi mchezaji anayemhitaji kocha wa taifa huwa pia anamhitaji mwajiri anayemlipa. Mafahali wa Miami walilala mji mmoja, wakala meza moja, wakafanya mazoezi pamoja kila siku kwa miaka minne. Hawa hukutana uwanja wa ndege wa Kigali, hufanya kambi ya siku chache, kisha huingia vitani. Na kwa sababu kwao hakuna ukumbi, mashabiki wa Juba wanaojua kila jina na kila namba ya jezi huwaona kwenye simu na televisheni tu.

Zaidi ya hayo, kuna jambo la pasi ya kusafiria. Tarehe 5 Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasi za Sudan Kusini, kutokana na ugomvi wa nchi hizo mbili juu ya kupokea watu waliofukuzwa Marekani. Siku hiyohiyo, mjini San Antonio, kijana wa miaka 18 mwenye urefu wa mita 2.18 alikuwa akijiandaa kuingia uwanjani na chuo kikuu cha Duke katika nusu fainali ya vyuo. Jina lake ni Khaman Maluach. Usiku ule Duke ilifungwa na Houston, na kwa siku kadhaa watu walijiuliza kama kijana huyo angeruhusiwa kubaki nchini humo au angefukuzwa.

Habari za Maluach ziwafikie wazazi, hasa akina mama wenye mtoto anayekua kupita mlango. Alizaliwa Rumbek tarehe 14 Septemba 2006, akapelekwa Uganda angali mdogo kukimbia vita, akakulia Kawempe, Kampala. Hakushika mpira wa kikapu mpaka alipokuwa na miaka kama 13. Hakuwa na viatu, kwa maana ya kwamba viatu vya kumtosha mguu havikupatikana madukani. Alipofikisha miaka 14 familia yake ilimruhusu aende Saly, Senegal, kwenye shule ya mpira wa kikapu ya NBA ambako vijana husoma masomo ya kawaida pamoja na mchezo. Si jambo dogo kwa mama mkimbizi kumtoa mwanawe wa miaka 14 aende nchi asiyoijua, tena nchi ya Kifaransa. Mwaka 2022 akiwa na miaka 15 alichezea Cobra Sport ya Juba katika ligi ya Afrika. Akiwa na miaka 17 alikuwa Lille pamoja na kaka zake, miongoni mwa wadogo kabisa waliopata kucheza mpira wa kikapu wa Olimpiki.

Mwezi Juni 2025 alichaguliwa wa kumi katika uteuzi wa NBA na kwenda Phoenix Suns. Na hapa historia imefanya mzaha wake: nafasi hiyo ya kumi Phoenix waliipata kwa kumtoa Kevin Durant kwenda Houston. Durant, aliyeuhama mji wake mwaka 2016 ili akaungane na nyota wengine, ndiye aliyemwachia nafasi kijana wa Kawempe.

Maluach ana tofauti moja kubwa na waliomtangulia. Deng aliivalia jezi Uingereza kwa kuwa kwao hakukuwa na jezi. Gabriel na Shayok walikua katika nchi nyingine kwanza, wakaitwa baadaye. Yeye tangu utoto wake wa mchezo ameijua timu moja tu ya taifa. Katika viwanja vya saruji vya Juba, Wau na Rumbek wapo sasa watoto wa namna yake ambao hawakupita Kakuma wala Ottawa. Hao wakitaka kucheza mvua inaponyesha, itabidi wapate paa. Deng amelisema hilo kila alipopewa kipaza sauti, na amekwisha kutoa fedha zake kutengeneza viwanja. Kazi ya kujenga ukumbi ni ya nchi.

Kombe la Dunia lijalo litafanyika Doha, Qatar, kuanzia mwisho wa Agosti 2027, na Afrika imetengewa nafasi tano. Carlik Jones na Wenyen Gabriel watakuwa wamekaribia au kufika miaka 30. Khaman Maluach atatimiza 21 mwezi Septemba.